Kabla Theluji Haijaanguka: Kutoka Nje na Watoto, Biblia Mkobani

Mwaka wetu wa kwanza Minnesota tulikaa ndani tangu Oktoba hadi Aprili. Mimi ni mtu wa Mafinga, mkoani Iringa, Tanzania, nimekulia kwenye ukungu na baridi ya mwezi wa saba, nikadhani baridi naijua. Oktoba ilipoingia, asubuhi moja kipimajoto kikaonyesha nyuzi 6. Nilifunga madirisha, nikawaambia watoto tutatoka hali ikitulia. Haikutulia. Kufikia Krismasi watoto walikuwa wanagombania hata kijiko, baba yao kanuna, na mimi nikitoka zamu ya usiku nalala huku nasikia katuni ukutani.

Aliyenitoa ndani ni bibi mmoja Mmarekani, mshirika wa kanisa linalotuazima jengo kwa ibada yetu ya Kiswahili ya mchana. Alishafika Iringa, maana Sinodi ya Saint Paul na Dayosisi ya Iringa ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) wana ushirika wa miaka mingi unaoitwa Bega kwa Bega. Salamu yake ya kwanza kwangu ilikuwa "Kamwene!", salamu yetu ya Kihehe. Nikabaki mdomo wazi. Kisha akauliza watoto wameyaonaje majani mwaka huu. Nikamjibu wameyaona dirishani. Akatikisa kichwa kama mama mkwe aliyekuta ugali mbichi.

Huu ni mwaka wetu wa tisa, nami sasa nafundisha shule ya Jumapili. Kila Septemba kuna familia mpya inayoniuliza: tufanye nini na watoto bila hela nyingi, na isiwe kuzurura madukani? Ninayowajibu ndiyo haya. Ni ya Minnesota, kwa hiyo ndugu wa Maine, Iowa au Ontario apime tarehe za kwake.

Hesabu ya Jumamosi

Kuanzia katikati ya Septemba hadi wiki ya mwisho ya Novemba kuna Jumamosi kumi hivi. Toa mbili za mvua. Toa mbili za zamu. Toa moja ya msiba au send-off ya mtu, kwetu haikosekani. Zinabaki tano. Basi chagua mambo matano tu katika haya, mengine yasubiri mwakani. Aliyepanga kumi huishia kufanya mawili na kuwafokea watoto njia nzima.

Na majira yenyewe tuyaite nini? Vitabu vya shule vinasema vuli, lakini vuli ni mvua za watu wa Pwani na wa Kaskazini. Sisi wa Mafinga hata hizo hatuna, tuna msimu mmoja. Mimi nasema majira ya kupukutika. Mwanangu wa kati aliwahi kuniuliza kama Biblia ya Kiswahili inayajua majira ya huku. Tukafungua Mwanzo 8:22, ahadi ya Mungu baada ya gharika. Pale ambapo Biblia yake ya Kiingereza inataja kiangazi na majira ya baridi, yetu inasema "wakati wa kaskazi na wakati wa kusi". Pepo za jahazi! Alicheka sana, halafu akatulia, akauliza kaskazi ni nini. Tulitumia jioni nzima kwa hilo tukiwa kibarazani, karatasi ikipeperushwa na upepo wa hapa. Ukitaka pa kuanzia na watoto, anza hapo. Hakugharimu kitu.

Nguo, kwa kifupi

Watoto hawakatai kutoka kwa sababu ya baridi. Wanakataa kwa sababu mara ya mwisho walilowa. Nguo za pamba zikilowa hazikauki mwilini. Mvishe fulana ya michezo ndani, sweta la sufu katikati, koti la kuzuia upepo juu. Soksi za sufu. Vyote hivyo nilivipata kwenye maduka ya mitumba, na huku nako mitumba ni mitumba, ujue kuchagua. Soksi jozi ya pili ikae kwenye gari daima.

Jambo jingine ni kupe. Watu wanadhani wameisha na kiangazi, kumbe Oktoba ndiyo wakubwa wanatafuta damu kwa bidii, na ni wao wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Mkirudi nyumbani, kagua nyuma ya magoti, kwapani, kwenye mshipi wa suruali, nyuma ya masikio na kichwani penye nywele. Kuna na mmea mtambaa wenye vijani vitatu-vitatu, unaogeuka mwekundu mzuri mno majira haya; ni upupu wao, na mtoto wa miaka mitano ndio atakaouchuma kwanza.

Matembezi ya majani

Hili ndilo la lazima, na ndilo linalokosewa zaidi. Mwaka wa pili tulijipanga, tukakodi gari kubwa pamoja na familia mbili, tukaenda. Tulikuta miti mitupu kama fito. Upepo ulikuwa umepita juzi yake, ukafagia kila kitu. Majani hayasubiri harusi ya mtu iishe. Kaskazini kuelekea Duluth na mwambao wa Ziwa Superior huiva katikati hadi mwisho wa Septemba. Huku kwetu Minneapolis na Saint Paul ni mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Idara ya maliasili ya jimbo ina ramani mtandaoni inayoonyesha kila hifadhi imefikia rangi kiasi gani. Itazame Alhamisi, uamue Ijumaa.

Kama huna gari, panda treni ya Blue Line, shuka kituo cha Minnehaha Park. Maporomoko ya Minnehaha yana urefu wa mita 16, yako ndani ya jiji, hakuna kiingilio. Kama una gari, mimi napenda William O'Brien, kando ya mto St. Croix, kwa sababu kuna njia fupi ya tambarare ambayo hata mwenye kigari cha mtoto anaimudu. Wenye watoto wakubwa waende Interstate, pale Taylors Falls, wakaone mashimo yaliyochongwa kwenye mwamba na maji ya barafu iliyoyeyuka zamani hizo. Moja lina kina cha kama mita 18. Mshike mtoto mkono pale, usimwamini. Hifadhi za jimbo zinadai kibali cha gari, na bei inapanda, kwa hiyo angalia kabla. Lakini uliza maktaba yako kwanza: baadhi yao huazimisha kibali cha wiki nzima kama wanavyoazimisha kitabu.

Sasa kazi yenyewe. Kila mtoto apewe mfuko wa karatasi, na sharti liwe moja: alete majani matano, kila moja la mti tofauti. Mkikusanyika, yapangeni kwenye kitenge chini. Hapo ndipo mzazi anatakiwa ajue mambo mawili matatu, maana wataulizwa wao shuleni na watakuuliza wewe.

Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo mti huitumia kushika mwanga wa jua. Siku zikifupika mti unaacha kuitengeneza, ile iliyopo inavunjika, na mti unaanza kuziba pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Rangi ya njano inayotokea haikuja leo. Ilikuwamo kwenye jani kiangazi kizima, imefunikwa na ukijani. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo hutengenezwa majira haya haya, na hukolea mwaka ambao mchana una jua na usiku una ubaridi usiofikia kuganda. Nilipowaeleza watoto wa shule ya Jumapili kwamba njano ilikuwamo siku zote, binti mmoja wa miaka kumi alilishika jani lake, akaliangalia juu na chini, akasema, "Kwa hiyo halijabadilika, limeonekana." Nilikuwa nimeandaa somo la dakika ishirini. Nilikunja karatasi yangu.

Kwa andiko, wengi hukimbilia Isaya 40:8, "Majani yakauka, ua lanyauka, bali neno la Mungu wetu litasimama milele." Mimi mwenyewe nililitumia miaka mitatu, nimeshika jani la mti mkononi, hadi mtoto mmoja asomaye Kiingereza aliponiambia, Mwalimu, hapa ni nyasi. Ni kweli. Kiswahili chetu kinasema majani kwa vyote viwili, ya ng'ombe na ya mti. Ukitaka jani la mti hasa, nenda Isaya 64:6, "sisi sote twanyauka kama jani", au Zaburi ya 1, mwenye haki aliye kama mti ambao "jani lake halinyauki". Ila ujiandae. Mwanangu mdogo alipoisikia hiyo Zaburi aliyatazama mapori yote yale mekundu akauliza kama hii miti yote imetenda dhambi. Tukaenda kutafuta msonobari. Na hapo nikamwonyesha ule mti unaoitwa tamarack, unaofanana na misonobari yetu ya Sao Hill kwa mbali, lakini katikati ya Oktoba sindano zake zinageuka dhahabu na kudondoka zote. Bado hajaamua auweke upande upi.

Kitu kimoja kinachonigusa mimi binafsi: nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mbili nilipouona mwaloni kwa mara ya kwanza. Mialoni ya Mamre, alipokaa Ibrahimu, nilikuwa naisoma tangu utoto bila kujua ina jani la namna gani. Watoto wangu wanaijua mialoni ya huku, ipo uani kwa jirani, jani lake linakuwa kahawia na kung'ang'ania tawini hadi theluji ianguke. Lakini mkuyu wa Zakayo hawajauona. Basi tunabadilishana. Mimi nawachorea mkuyu, wao wananitambulisha mwaloni.

Kukausha majani: yapange kati ya kurasa za gazeti, weka kitabu kizito juu, siku saba hadi kumi. Kitabu kizito, nasema, si Biblia. Biblia ya marehemu baba ina doa la jani jekundu kwenye Zaburi ya 90, na kila nikifika hapo nakumbuka nilivyopiga kelele siku ile.

Matufaha, na mnada

Tuseme matufaha, ingawa sote tunaita maepo. Wikiendi za Septemba na Oktoba mashamba ya matunda hufungua milango watu wachume wenyewe. Piga simu kwanza uulize mambo matatu: kiingilio ni kiasi gani, mfuko unauzwaje, na leo aina gani imeiva. Honeycrisp, tunda la jimbo lililotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, huiva mwishoni mwa Septemba na ndilo ghali. Mimi nachukua Haralson, la mwaka 1922, gumu, chachu kidogo, halafu linakaa kwenye friji miezi. Ukiwa na watoto watano, tunda linalokaa ndilo tunda. Nalikata vipande, nalichemsha na sukari kidogo, mdalasini na iliki, tunalila na chapati.

Wafundishe watoto kuchuma: shika tunda kwa kiganja, linyanyue juu huku unalizungusha. Ukilivuta chini unang'oa na kitawi kitakachozaa mwakani. Yaliyoanguka chini yaacheni, hata kama roho inauma. Kulungu hupita usiku na kuacha mavi, na wenye mashamba wengi wanakataza kuyaokota.

Hapo kwenye kuokota ndipo somo lilipo. Walawi 19:9-10 inamwambia mkulima asivune hadi pembeni mwa shamba, masazo awaachie maskini na mgeni. Ruthu 2 ni hadithi ya mgeni aliyeishi kwa masazo hayo. Watoto wetu wanajua mgeni ni nani. Wamewahi kuitwa hivyo. Sisi tunafanya hivi: kila familia ikishajaza mfuko wake, kila mtoto anachuma matunda mengine matatu ambayo hatayala. Yanakwenda kwenye stoo ya msaada ya chakula. Ulizeni kabla kama wanapokea matunda mabichi na siku gani. Usiwapelekee Jumamosi jioni wakati wamefunga mpaka Jumanne.

Halafu mnada. Waliokulia KKKT hawahitaji kuelezwa: baada ya ibada ya mavuno mnatoka nje, kuku wamefungwa miguu, mikungu ya ndizi, miwa, mayai, na mzee wa kanisa mwenye sauti anapanda kwenye kiti. Huku tukadhani hauwezekani. Ukawezekana. Tunafanya Jumapili ya pili ya Oktoba kwenye maegesho ya kanisa, hewa ya wazi, makoti mwilini. Watu huleta walichochuma, walichopanda uani, au walichopika. Mwaka juzi mama mmoja wa Bukavu alileta boga la ukubwa wa ndoo, alilolima mwenyewe nyuma ya nyumba ya kupanga. Bei ikaanza dola 5. Kijana wa Kenya akasema 10. Baba mmoja Mrundi, ambaye mkewe alikuwa anamvuta koti, akasema 25. Yule bibi wa Kamwene hakuwa anaelewa kinachosemwa lakini aliona mikono, naye akanyoosha. Lilipofika 60 mzee akagonga. Mshindi, yule Mrundi, akalibeba boga begani, akazunguka nalo, kisha akalirudisha mezani: "Nalitoa tena kwa Bwana, liuzwe." Kelele! Likauzwa tena kwa 45. Watoto waliozaliwa huku walikuwa wameduwaa. Mmoja alimwuliza mama yake kwa nini mtu ananunua kitu halafu halichukui.

Ukitaka kuuendesha: tafuta mnadi mwenye utani na si mwenye haraka, weka mhasibu mezani na daftari, na pesa za simu zipokelewe na mtu mmoja tu, tangazeni tangu mwanzo fedha inakwenda wapi. Yetu iliingia mfuko wa misiba, maana kusafirisha mwili kwenda nyumbani ni mzigo tunaoujua. Na watoto wapewe mnada wao mdogo, mwanzo dola 1. Mwanangu alinunua yai moja la kuchemsha kwa dola 3 na akalila palepale.

Korongo wa Sherburne

Hili ni la kuamka usiku, ndiyo maana wengi wanalikwepa. Mwendo wa saa moja hivi kaskazini magharibi mwa Minneapolis kuna hifadhi ya wanyamapori ya Sherburne. Oktoba maelfu ya korongo wa kijivu hukusanyika humo wakielekea kusini. Usiku wanalala wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, na alfajiri wanaruka kwenda mashambani kuokota mahindi yaliyobaki. Ukifika kumekucha kabisa, umechelewa.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, watoto kwenye mablanketi. Tukaegesha, tukazima taa. Giza, ukungu mzito juu ya maji, hata Mafinga sijaona vile. Unasikia kabla hujaona: mlio wa kukoroma na kugongagonga, kama mlango wa mbao wenye bawaba kavu, milango mia kwa pamoja. Halafu wakaanza kunyanyuka makundi kwa makundi, shingo zimenyooka mbele, miguu nyuma, mabawa ya mita mbili. Binti yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa haongei na mzazi yeyote kwa sababu za miaka kumi na minne, alinishika mkono.

Andiko ni Yeremia 8:7. Korongo ametajwa humo kwa jina, pamoja na koikoi, hua na mbayuwayu: wote wanajua wakati wao wa kuja na kuondoka, watu wa Mungu ndio hawajui. Usihubiri pale. Soma mstari mmoja, funga Biblia, mimina chai. Mwambie mtoto kwamba yule korongo mwenye taji, aliye kwenye bendera ya Uganda, ni ndugu yao hawa.

Ushauri wangu wa pale: kaeni ndani au karibu na gari, sauti chini, mbwa abaki nyumbani.

Maboga na tarehe 31

Maboga makubwa ya machungwa wanayochonga sura hayana ladha, ni maji matupu. La kula tafuta lile dogo zito au la ganda la kijani lenye nyama kavu, ndilo linalokaribia la kwetu. Na majani ya maboga yapo! Nenda soko la wakulima la Saint Paul, kwa mama wa Kihmong. Wao nao wanakula vile vikonyo vichanga, wanavifunga mafungu kama Kariakoo. Wahi kabla ya umande wa kwanza wa barafu, ukishapiga, yameisha. Mbegu za boga zioshwe, zikaushwe, zikaangwe na chumvi. Hiyo ni kazi ya watoto.

Tarehe 31 Oktoba ni Halloween, usiku ambao watoto wa huku hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na kila mwaka tunagombana kanisani. Wapo wanaozima taa na kufunga mapazia, nami siwahukumu. Maoni yangu: ni usiku pekee wa mwaka ambao majirani wote wanagonga mlango wako, na mimi sijawahi kuona mwinjilisti akizima taa watu wakija wenyewe. Tunawasha moto kwenye sinia la chuma mbele ya nyumba, tunatoa peremende kwa watoto, chai ya tangawizi na maandazi kwa wazazi wao wanaotetemeka. Vinyago vya kutisha kwangu havivaliwi, hapo mimi ni Mlutheri wa mtindo wa zamani. Tarehe hiyo hiyo mwaka 1517 ndiyo tunayoikumbuka kwa hoja 95 za Luther kule Wittenberg, basi wanangu wanaandika hoja zao kwenye karatasi na kuzibandika kwenye mlango wa friji. Mwaka jana hoja ya 4 ilidai mchele upunguzwe.

Kuni za huo moto nunua jirani na utakapoziwasha. Usisafirishe kuni kutoka kaunti nyingine, maana mdudu wa kijani anayeua miti ya ash, aliyegunduliwa Saint Paul mwaka 2009, anahama ndani yake.

Novemba

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma saa moja. Mwaka wetu wa kwanza tulifika kanisani, tukakaa garini saa nzima tukidhani ibada imehamishwa. Tangu siku hiyo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa ya Kiswahili inavurugika kabisa. Unasema saa kumi na mbili jioni na nje ni usiku wa manane. Shughuli zote za nje zihamie asubuhi. Mwanzoni mwa mwezi huo pia msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa, kwa hiyo porini kila mmoja avae kofia au kizibao cha rangi ya chungwa kali, na uangalie kama hifadhi imefungwa kwa ajili ya wawindaji.

Kazi ninayoipenda Novemba ni kufagia majani ya wazee. Chukueni reki nne, watoto wanane, asubuhi moja, nyumba tatu. Omba ruhusa kabla, kwa simu au kwa mtu anayewajua. Msiingie uwanja wa mtu kimyakimya mkidhani ni wema, hapa si kijijini. Majani yanakwenda kwenye mifuko inayooza, hayaruhusiwi kwenye takataka za kawaida, wala msiyasukumie barabarani: mifereji ya mvua inamwaga moja kwa moja ziwani na mtoni, majani yakioza huko yanalisha mwani na maji yanageuka kijani kiangazi. Waacheni wadogo waruke kwenye rundo mara moja, hata mbili. Kisha rundo linafungwa. Babu mmoja tuliyemfagilia alitoka na noti ya dola 20, watoto wakanitazama. Niliwaachia waamue. Waliomba badala yake awaonyeshe picha zake za ukutani, na tulikaa pale hadi saa sita.

Mwisho ni Ijumaa inayofuata Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, yaani siku moja baada ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Wenzetu wako madukani wanasukumana. Siku hiyo hifadhi za jimbo hazidai kibali cha gari. Tunarudi William O'Brien, njia ile ile fupi, tunatafuta miti tuliyochuma majani yake Oktoba. Watoto wanaitambua kwa magome sasa. Tunafungua Mwanzo 8:22, anasoma aliye mdogo kuliko wote anayejua kusoma. Chai bebeni mara mbili ya mnavyodhani inatosha, na ile jozi ya pili ya soksi.